Anajitolea kukaa golini kila siku, kumbe ana sababu

Saa 11 jioni huko Mbagala, Temeke, watoto wanagawana timu kwenye kiwanja cha vumbi. Mvulana wa miaka tisa anajitolea kukaa golini, kama jana na juzi. Mama yake anaamini mwanawe anapenda kudaka. Kumbe golini ndiko kusikokuwa na mbio.

Siku alipotaniwa akatoka kushambulia, alirudi nyumbani mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia kama filimbi. Mama akaamua hapohapo: mpira basi. Mzazi gani angemlaumu?

Lakini tatizo halikuwa mpira. Pumu isiyodhibitiwa huacha mirija ya hewa imevimba ndani hata siku ambayo mtoto hakohoi. Anapokimbia huvuta hewa nyingi kwa mdomo, mirija inakauka, na misuli inayoizunguka inabana. Mara nyingi kifua hubana dakika chache baada ya kupumzika, ndiyo maana wengine hudhani ni uchovu tu. Naye anayezuiwa kucheza hupoteza pumzi taratibu, hadi ngazi chache zinamhemesha, na nyumbani wanasema pumu imezidi.

Kliniki mama aliulizwa dawa anazotumia. Alikuwa na ile ya bluu tu, tena akimpa kwa kificho, maana majirani walishasema mtoto "atazoea pampu". Dawa hizi hazina ulevi. Ya bluu hufungua kifua kilichobana, na daktari anaweza kuelekeza ivutwe kama dakika 15 kabla ya mchezo. Uvimbe wenyewe hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, inayotumika kila siku hata mtoto akiwa mzima. Hiyo ndiyo iliyokosekana.

Kifaa cha kuvutia dawa kisiwatishe wazazi kwa bei. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako, huwasaidia watoto waliobanwa kifua sawa na kifaa cha dukani. Mhudumu wa afya aonyeshe namna ya kuitengeneza.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika rangi, apewe dawa yake ya bluu huku akikimbizwa hospitali.

Pale Mbagala jiko la mkaa limehamia nje, na dawa ya mbu ya kuchoma imepisha chandarua. Mvulana anacheza winga. Golini sasa wanapeana zamu.