Shahidi wa Usingizi Wako

Hakuna aliyewahi kujitazama akiwa amelala. Nililiwaza hilo nikisoma maswali manane ya dodoso la STOP-Bang la kubaini tatizo la pumzi kukatika usingizini, lililotungwa na Frances Chung na wenzake mjini Toronto na kuchapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Umri, jinsia, presha, uzito kwa urefu na unene wa shingo ni mambo ya kuulizwa au kupimwa. Uchovu wa mchana unaujua mwenyewe. Lakini kukoroma, na hasa swali la kama umeonekana ukiacha kupumua, kunahitaji shahidi.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe: koo hujifunga, hewa hukatika sekunde 10 au zaidi, ubongo hushtuka, mtu huvuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kulala. Hali hiyo hujirudia usiku kucha, na asubuhi hakumbuki kitu. Anachokiona ni presha isiyoshuka na usingizi unaomvamia mchana.

Huku kwetu Rukoki, magharibi mwa Uganda, shahidi yupo, ila amenyamaza. Mke gani atamwambia mzee wa nyumba, mbele ya mganga, kwamba usiku anakabwa? Tunamcheka mkoromaji, au tunasema kalala fofofo. Heshima ya namna hiyo ina gharama. Dereva wa lori anayelala ndani ya gari akingoja kuvuka mpaka wa Mpondwe, pale Bwera, ana taniboi wake tu wa kumtolea ushahidi, naye taniboi anaogopa kibarua chake.

Dodoso nalo lisitukuzwe. Mkulima wa kahawa anayepanda miteremko ya Rwenzori tangu alfajiri atakubali kwamba amechoka, na koo lake halina neno. Alama 5 kwenda juu ni hatari kubwa, lakini kinachothibitisha ni kipimo cha usingizi cha usiku kucha. Hata jopo la Marekani la huduma za kinga lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi bado hautoshi kupendekeza, wala kukataza, kuwapima watu wazima wote wasio na dalili. Kwa hiyo sidai tupange foleni kijiji kizima. Mwenye kukoroma, mwenye presha, anayesinzia juu ya boda, huyo aulizwe.

Ukiitwa kujibu maswali hayo, nenda na unayelala naye chumba kimoja, na umruhusu aseme kabla yako.