Siku Kumi Himalaya, na Yule Bhai Aliyesema Yuko Sawa

Najua kimya kimekuwa kirefu, na nasikia kuna waliokwisha kutangaza kwamba nimeacha chuo nimeolewa Moshi. Hapana jamani! Nimerudi Mlimani chuo kikiwa kimefungua wiki mbili nzima, midomo imepasuka kwa baridi, pua imebabuka kwa jua, na tangu nishuke kwenye daladala na begi langu naulizwa maswali mawili tu. La kwanza, pesa nilitoa wapi. La pili, je, nilifika kule juu.

La pesa ni jepesi. Sio bumu, bumu lenyewe mnalijua. Tulikuwa wanafunzi wa ualimu wa nchi mbalimbali tuliokaa Kathmandu wiki sita, tunakaa nyuma ya madarasa ya wenzetu kuangalia wanavyofundisha. Zilipoisha, mwishoni mwa Oktoba, watatu tukaunganisha posho iliyobaki: mimi, dada mmoja wa Finland, na kijana wa Kathmandu anayesoma ualimu wa hisabati. Yeye ndiye aliyetutafutia kampuni ya bei ya chini ya kutupeleka Khumbu, eneo la milimani ulipo mlima Everest, ambao Wanepali wanauita Sagarmatha na Washerpa wanauita Chomolungma.

Ndege ndogo inakutua Lukla, mita 2,860 juu ya usawa wa bahari. Uwanja una njia ya kurukia ya mita 527 tu, nayo imeinama kama paa la bati: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Ndege inatua ikipanda na kuruka ikishuka. Nilisali sala zote ninazozijua, hata zile za shule ya msingi.

Kuanzia Lukla kwenda juu hakuna barabara ya gari. Hili ndilo nililotaka mlielewe kwanza. Hakuna gari, hakuna bodaboda, hakuna baiskeli. Kuna njia ya miguu, madaraja ya kuning'inia juu ya mto Dudh Koshi, yaani mto wa maziwa, na vijiji ambavyo watu wanaishi, wanalima viazi, wanaoana na kuzikana. Mchele, mitungi ya gesi, mabati, mbao, vioo vya madirisha, bia za watalii, vyote vinapanda kwa nyumbu, kwa yaki, au kwa binadamu. Na binadamu wa kule habebi kichwani kama mama zetu wala mgongoni tu. Anapitisha mkanda mpana kwenye paji la uso, unaitwa namlo, mzigo unakaa mgongoni na shingo ndiyo inayovuta. Mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T. Akichoka hatui mzigo, anauegemeza juu ya fimbo, anapumua akiwa amesimama, anaendelea.

Tulikuwa na kiongozi mmoja, Msherpa wa makamo, na mpagazi mmoja. Kule huitani kwa majina hovyo, na hapo nilijisikia nyumbani kabisa. Mwanaume aliyekuzidi ni dai, kaka. Aliye mdogo wako ni bhai. Dada mkubwa ni didi. Kwa hiyo kiongozi alikuwa dai, mpagazi wa miaka kumi na tisa alikuwa bhai, na mimi nikawa didi kuanzia asubuhi ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi tunalikosea. Sherpa sio kazi, ni kabila. Mababu zao walihama kutoka Tibet karne kadhaa zilizopita, na miili yao imezoea hewa nyepesi. Lakini wapagazi wengi unaokutana nao njiani si Washerpa. Ni Warai, Watamang, Wamagar, watu wa mabonde ya chini wanakolima mpunga na ulezi. Bhai alikuwa mmoja wao. Mlima kwake ni mgeni kama ulivyo mgeni kwa mtu wa Kariakoo, tofauti ni kwamba yeye anaupanda na kilo thelathini.

Tulilala Phakding, kisha tukapanda hadi Namche, mita 3,440, mji uliojipanga kwenye ubavu wa mlima kama viti vya uwanja wa mpira. Hapo unapumzika siku moja ili mwili uzoee. Kanuni ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne unapumzika. Dai alikuwa na wimbo mmoja tu: "Bistarai, bistarai." Mtoto wa Marangu sikuhitaji mkalimani. Ni pole pole ile ile ya kwetu.

Siku ya mapumziko tulikwenda Khumjung, mita 3,790. Kuna shule iliyofunguliwa mwaka 1961 kwa juhudi za Edmund Hillary, yule aliyefika kileleni na Tenzing Norgay mwaka 1953. Washerpa walipoulizwa wanataka nini, waliomba shule. Nikasimama pale uani nikiangalia watoto wenye mashavu mekundu wanakimbizana, nikafikiria kwamba kila dawati limepanda na mtu. Jirani yake, Kunde, kuna hospitali iliyojengwa 1966. Mtoto wa kule kule, Kami Temba Sherpa, alisoma shule hiyo, akafanya kazi hospitalini, baadaye akaenda kusomea udaktari Fiji, akarudi kuiongoza hospitali ile ile. Nyie mnaosema ualimu ni kozi ya waliokosa kozi nyingine, mpo?

Bhai alinisimulia kwamba yeye aliishia darasa la tisa. Kule mtihani mkubwa ni wa darasa la kumi. Baba yake aliumia, ada na daftari vikashindikana, akashika namlo. Jioni tukiota moto wa kinyesi kikavu cha yaki (ndiyo, na hakinuki), alikuwa anaandika maneno ya Kiingereza kwenye kijidaftari na kuniuliza maana.

Tengboche tuliamka tukakuta monasteri na kilele cha Ama Dablam mbele yetu, tukakosa maneno. Dingboche, mita 4,410, tukalala siku mbili. Siku ya saba tukapanda Lobuche, mita 4,940. Hewa ya pale ina oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya hii mnayoivuta Dar. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 84, kwa hiyo viazi vinachemshwa mpaka unasahau kama uliagiza chakula. Ukifunga kamba za viatu unapumzika.

Siku zote bhai alikuwa wa kwanza kufika, tunamkuta ameshakunywa chai anatucheka. Siku hiyo alifika wa mwisho, saa nzima nyuma yetu. Dai akamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Thik cha." Yuko sawa. Nikamuuliza mimi. "Thik cha, didi." Akatabasamu kabisa.

Mimi tabasamu lile nalijua. Baba yangu mdogo ni mgumu wa Kilimanjaro, na wagumu ndivyo wanavyoitwa wapagazi kwetu. Nimekua namwona anarudi na macho mekundu, ukimuuliza anasema "niko poa," halafu analala siku mbili. Mwaka mmoja wenzake walimshusha wamembeba. Hata wakati ule, nasikia, njia nzima alikuwa poa.

Dai hakubishana naye. Alichora mstari kwenye vumbi nje ya gesti, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kwa hatua. Bhai akacheka, akaanza. Hatua ya tatu akayumba. Ya tano akaanguka ubavu kama mlevi.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mtu akishindwa kutembea mstari kule juu maana yake ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake ya kweli ni moja, kushuka. Sio kesho asubuhi. Sasa hivi. Jua lilikuwa limeshazama.

Dai akapiga simu kwa kampuni. Sikuelewa maneno ila nilielewa sauti. Baadaye alitutafsiria: walitaka alale, akishuka ashuke mwenyewe kesho, kiongozi aendelee na wageni kwa sababu wageni wamelipia mpaka kambi ya chini ya Everest. Angekuwa mmoja wetu, helikopta ingekuja asubuhi na bima ingelipa. Mlima ule ule, hewa ile ile, kichwa kile kile kinachovimba. Bei ya chini tuliyoifurahia Kathmandu ilikuwa inakatwa mahali, na mahali penyewe ni kwenye shingo ya yule kijana.

Dai akazima simu. Akampa bhai vidonge vya dharura, akasema anashuka naye, na anahitaji mtu wa pili wa kumshika. Dada wa Finland kichwa kilikuwa kinamgonga, na yule kijana wa Kathmandu ilibidi abaki naye. Mimi nilikuwa mzima na nimezaliwa kwenye mteremko. Nikavaa koti, nikasema twende.

Tulitembea kama saa nne kwa taa za kichwani, bhai katikati. Kwenye mlango wa Thukla, kabla njia haijatumbukia chini, kuna mawe mengi yaliyopangwa, kumbukumbu za watu waliokufa kwenye mlima, na mengi yana majina ya Washerpa. Mwanga wa taa ulikuwa unapita juu ya jiwe moja baada ya jingine. Bhai alikuwa anaongea maneno yasiyoungana. Dai alikuwa anamwimbia, sijui wimbo gani. Mimi nilikuwa namwambia kwa Kiswahili, "Twende bhai, twende baba, bado kidogo," kana kwamba anaelewa.

Pheriche kuna zahanati ya shirika la uokoaji la Himalaya, lililoanzishwa 1973. Inakuwa na madaktari misimu ya kupanda mlima, na Mnepali anatozwa kidogo sana kuliko mgeni. Wakamweka kwenye oksijeni. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, natetemeka. Saa kumi na mbili asubuhi alifungua macho akaomba chai, na dai, mtu mzima yule, akatoka nje akasimama kuangalia mlima muda mrefu bila kusema neno.

Baadaye nikamuuliza bhai kwa nini alificha. Hakuona hata kwamba ni swali. Mpagazi anayeshukia njiani analipwa siku alizobeba tu, tena msimu ujao haitwi. Bakshishi mwishoni ndiyo mbegu za nyumbani. Kichwa kinauma, lakini kichwa kitapona.

Wenzangu waliungana na kundi jingine, wakafika kambi ya chini, mita 5,364, wakarudi na picha. Mimi nimeishia Lobuche. Kwa hiyo jibu la swali lenu la pili ni hapana, na siku zilizobaki nilizitumia kuteremka taratibu na bhai akiwa hana mzigo, kitu ambacho kilimsumbua kuliko ugonjwa. Mikono hakujua aiweke wapi. Kila tukikuta ukuta wa mawe ya sala tunaupita kwa kushoto, ukuta ukae kulia kwetu, kama desturi inavyotaka. Mabegi tulibeba wenyewe. Kampuni iligoma kulipa siku tatu za mwisho. Tulichanga sisi, na dai akaenda kugombana nao Kathmandu kwa niaba yake. Matokeo sijayapata bado.

Kitu kinachonirudia sana ni ule mstari kwenye vumbi. Tulikwenda kule kujifunza ualimu, na somo kubwa nimelipata nje ya gesti. Mmeshasimama mbele ya darasa la watoto themanini kwenye TP, mnajua. Unauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo mwalimu!" Na kwa nini wasiseme ndiyo? Anayesema hapana atasimamishwa, atachekwa, ataambiwa ni mzito. Ndiyo ya mtoto ni thik cha ya bhai. Anasema hivyo kwa sababu ukweli una gharama na yeye ndiye atakayelipa. Dai aliuliza mara moja, halafu akaacha kuuliza, akachora mstari. Na mstari ulipojibu, hakumwacha ashuke peke yake. Nafikiri hiyo sehemu ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Mkienda Kilimanjaro, maana najua kuna kikundi kinapanga kwenda wakati wa likizo, msiishie kuuliza bei. Ulizeni wagumu wanalala wapi, wanakula nini, mzigo umepimwa getini au umepimwa kwa macho, na akiumwa mmoja nani anashuka naye. Ukiambiwa wote wako poa, waangalie wanavyotembea.

Bhai anataka kurudi darasani afanye mtihani wake wa darasa la kumi. Kile kijidaftari nilimwachia kimejaa, na ukurasa wa mwisho kaandika "pole pole" kwa maandishi yake ya Kinepali, pembeni kaweka "bistarai."

Haya wapendwa, kesho saa mbili asubuhi nina kipindi cha saikolojia ya elimu na nadaiwa kazi mbili. Mwenye noti za wiki mbili zilizopita anitafute kafteria, chai juu yangu.