Amplifaya Mbili na Sauti ya Mzee

Likizo hii nilikwenda Mpemba na hedifoni za Sennheiser HD 600 pamoja na amplifaya mbili za kuazima: moja ya valvu, nyingine ya transista. Hedifoni hizo zina ukinzani wa omu 300, hivyo huhitaji volti nyingi kuliko simu nyingi zinavyoweza kutoa. Usiku, malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma yakiwa yamezima injini, nilisikiliza kaseti niliyoinasa nikiwa mwanafunzi: marehemu baba akisimulia ujenzi wa reli ya TAZARA, uliokamilika mwaka 1975.

Ya valvu ilimpa baba sauti ya ukunjufu, kana kwamba ameketi kando yangu. Ya transista haikumpendelea. Ilifichua mikwaruzo ya kaseti na kikohozi chake. Lakini alipotaja jina la mwenzake aliyefia kazini, zote mbili zilishindwa. Siku ile kinasa sauti kilikuwa mbali naye mno, nami ndiye niliyekiweka.

Amplifaya hukuza kilichonaswa. Haiwezi kurudisha kisichonaswa. Ndugu zangu watumishi wa umma, mikutano yetu ya hadhara haina uhaba wa vipaza sauti. Je, ni nani anayeandika kwa ukamilifu anachosema mwananchi aliyeketi nyuma?

Amplifaya nimezirudisha kwa mwenyewe. Kesho nakwenda kwa wazee waliobaki, na safari hii nitaketi karibu.