Siku Nne za Kumtafuta Mwenzetu

Bwana Mhariri ametutaka sisi wa Kidato cha Nne, tunaokaribia kuiaga shule, tuandike habari ya jambo moja tusilolisahau. Wenzangu wengi wameandika juu ya michezo na safari. Mimi nimechagua habari ambayo naona haya kuieleza, lakini nikiondoka bila kuieleza nitaona haya zaidi.

Mliokuwapo mwaka jana mtakumbuka. Jumamosi moja ya muhula wa pili, mwanafunzi wa bweni letu hakuitika majina yalipoitwa usiku. Jina lake silitaji, maana yumo miongoni mwetu na amekwisha kuchoka na maswali. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vile vile, sanduku limefungwa kwa kufuli, na viatu vyake vya shule vipo chini ya kitanda. Viatu ndivyo vilivyotutia hofu. Mtu gani asafiri akaacha viatu?

Hata uji haujaisha bwaloni, kila meza ilikwisha kuwa na habari yake. Wengine walisema ameliwa na mamba. Mto wetu haukupata kuwa na mamba, na wakati wa kiangazi maji yake hayafiki magotini! Wengine walisema amekimbilia Mererani kuchimba tanzanite. Wengine wakasema amechukuliwa na majini kwa sababu alizoea kusoma peke yake chini ya mbuyu. Mmoja aliapa kwamba amemwona stendi ya basi, amejitanda khanga kama mwanamke.

Mimi nami nikataka kuwa na habari. Asiyekuwa na neno siku ile alikuwa kama hayupo mezani. Nikasema, "Mimi nalimwona Ijumaa jioni akigombana na babu mlinzi pale langoni."

Maneno hayo yalikuwa kweli nusu. Nalimwona akisema na babu, na babu alikuwa ameinua fimbo. Lakini neno lenyewe lilikuwa la maembe. Babu alikuwa akimkataza kuurushia mti mawe, kama alivyotukataza sote, kisha wote wawili wakacheka. Kicheko hicho sikukitaja.

Mchana nililisikia neno langu likinirudia kutoka kinywani mwa mtu mwingine, nalo limekua. Babu amempiga. Jioni ikawa amempiga kichwani. Jumatatu mtu akaona kwamba nyuma ya kibanda cha babu pana udongo uliofukuliwa karibuni. Yalikuwa matuta ya viazi vitamu, na sote tulikuwa tumemwona babu akiyalima juma lililopita. Walakini hakuna aliyelisema hilo, wala mimi sikulisema. Siku ile ile polisi walimwita babu kituoni wakamhoji tangu asubuhi hata jioni, na mzazi mmoja akapiga simu akitaka mlinzi aondolewe. Jumanne usiku vijana kadhaa walichukua majembe ya shule wakayafukua matuta yale yote. Hawakupata kitu ila marando. Babu alisimama mlangoni pake na taa mkononi akiwatazama, wala hakusema neno.

Jumatano saa nne mwenzetu akaingia langoni pamoja na mjomba wake, miguuni amevaa kandambili. Jumamosi ile alikuwa ameambiwa sokoni na mtu wa kwao kwamba mama yake amelazwa hospitali. Akapanda lori la mkaa vile vile alivyokuwa. Mjomba alidhani amepewa ruhusa. Mama alikuwa amepata nafuu. Basi, habari yote ndiyo hiyo, na naona ilikuwa fupi mno kwa watu waliokwisha kuzoea mamba na majini. Wengine walionekana kana kwamba wamepunjwa.

Muhula uliofuata mwalimu wetu wa Kiingereza alitusimulia maisha ya Agatha Christie, yule Bibi Mwingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, nami nikatafuta zaidi maktabani. Ijumaa usiku, tarehe 3 Desemba 1926, alitoka nyumbani kwake Sunningdale kwa gari lake, akamwacha binti yake mdogo amelala. Asubuhi gari likaonekana limeachwa mtelemkoni karibu na mji wa Guildford, na koti lake la manyoya limo ndani. Polisi na maelfu ya watu wakapekua vichaka, wakaopoa katika madimbwi, na ndege zikaruka juu. Gazeti moja likaahidi pauni 100 kwa atakayeleta habari. Sir Arthur Conan Doyle, mtu aliyemwumba Sherlock Holmes, alichukua glavu ya Bibi huyo akaipeleka kwa mwaguzi! Nalicheka sana niliposoma hayo, kisha nikakumbuka majini ya mbuyuni.

Na watu walisema nini? Walisema amejitosa ziwani. Walisema anatafuta sifa ili vitabu vyake vinunuliwe. Walisema mume wake amemwua, na polisi wakamwandama mume huyo kila aendako. Baada ya siku 11 Bibi akaonekana mzima katika hoteli huko Harrogate, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale gari lilipokuwa, amejiandikisha kuwa Bibi Neele wa Cape Town. Mpiga muziki wa hoteli ndiye aliyemtambua. Neele lilikuwa jina la mwanamke aliyependwa na mumewe, na mwaka ule ule Bibi alikuwa amefiwa na mama yake. Waganga walisema kumbukumbu ilimpotea. Ndoa ikavunjwa mwaka 1928. Alikufa mwaka 1976, na mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe, kikapigwa chapa. Juu ya siku zile 11 hakuandika chochote. Watu wameendelea kubuni hata leo.

Mume yule hakuwa mtu mwema kwa mkewe, na nilipoanza kusoma sikumwonea huruma. Lakini hakumwua. Nilipofika mahali pale polisi wanapomfuata, nilimwona babu na taa yake, nikafunga kitabu.

Ilinichukua majuma mawili mengine kupata moyo. Jumapili moja alasiri nikaenda kibandani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamweleza yote, pamoja na kile kicheko. Alikuwa akiparua mpini wa jembe, naye hakuacha kuparua.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Siku ile njiani hapakuwa na mtu mwingine ila wewe."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja kwa polisi wala kwa mkuu wa shule. Akanitazama kwa kitambo, akajibu kwamba siku zile mtu mmoja wa kuandamwa alitosha. Kisha akanipa jembe, akanionyesha upande wa pili wa kibanda, ambako matuta yalikuwa bado yamelala vile vile yalivyoachwa na vijana. Tuliinua manne na kuyapanda kabla kengele ya chakula haijalia, na Jumapili iliyofuata nikarudi kumalizia yaliyobaki.