Taa na Chengeu Yake

Mtu aliyesoma ana kasoro moja ambayo kusoma peke yake hakuiondoi: hudhani kwamba asichokisoma yeye hakikuandikwa. Kasoro hiyo naliiona katika nafsi yangu mwaka jana, wala sikuonyeshwa na mwalimu au kitabu. Kilichonionyesha ni taa mbovu ya mezani niliyoinunua katika mitumba ya Ilala kwa shilingi 12,000, pamoja na chengeu yake iliyochakaa.

Mama yangu anakaa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba sita, baraza mbele na ua nyuma. Jina la mahali pale, kama wengi wajuavyo, ni masalio ya vita. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo hata likawa letu. Umeme ulikuwa umekwisha kuingia mjini tangu mwaka 1908, zama za Wajerumani, lakini uliwashwa kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakubwa. Nuru nayo ilikuwa na mtaa wake. Waliobaki waliketi na vibatari.

Mama alizaliwa Rufiji, akapita utoto pasipo kujua herufi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa kigori wa kusaidia shamba. Miaka mitatu baadaye, wakati kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuwa ikisikika redioni, aliingia darasa la kisomo, akajifunza a, e, i, o, u kwa mwanga wa kibatari kilichomwachia weusi puani kila asubuhi. Katika mtihani wa kisomo wa taifa wa Agosti 1975 alikuwa mmoja wa waliofaulu, na kwa furaha yake alinunua doti ya kanga iliyofumwa katika kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968. Alipoolewa akaja Kariakoo, akawa msomaji wa baraza: wanawake walileta barua na magazeti, naye akawasomea. Sauti ya kwanza niliyoisikia ya Kiswahili kilichoandikwa ilikuwa sauti yake.

Yapata miaka mitano iliyopita aliacha kusoma. Nalimpelekea magazeti, nikayakuta yamefungia dagaa. Nalimpelekea kitabu changu mwenyewe, kilichotokana na tasnifu yangu ya udaktari. Nikakikuta juu ya mtungi wa maji, kimefanywa kifuniko. Sikumwuliza neno. Nalisema moyoni kwamba mama amechoka, na uzee una likizo yake. Lakini chini ya maneno hayo ya huruma palikuwa na uchungu wa mwandishi asiyesomwa na mamaye, na uchungu huo ndio ulionizuia kuuliza.

Alasiri moja, kama saa kumi hivi, alinipa karatasi ya dawa zake nimsomee. Naliketi mahali pake, katika kiti kilicho karibu na dirisha, nikaifungua. Nalivaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Sikuona mstari. Ndipo nilipoinua macho na kutazama chumba ambacho nalikuwa nikiingia na kutoka kwa miaka mingi. Upande wa mashariki palikuwa pamesimama ghorofa nane, na upande wa magharibi ghorofa sita. Chumba kilichokuwa na jua la asubuhi na la jioni kilikuwa kimegeuka kisima. Globu moja ilining'inia juu darini, mbali na kiti, mbali na kitabu chochote.

Jambo lenyewe ni la hesabu nyepesi. Nuru ya taa hupungua kwa mraba wa umbali, hata kitabu kikisogezwa nusu ya umbali wa kwanza hupata nuru mara nne. Na wataalamu wa macho hufundisha kwamba jicho la mtu wa miaka sitini hupokea kiasi cha theluthi moja tu ya nuru inayopokewa na jicho la kijana wa miaka ishirini. Mama yangu, aliyepita sabini, alihitaji nuru nyingi kuliko mimi, naye alipewa kidogo kuliko wote. Hakuwa amechoka kusoma. Alikuwa amekaa gizani, na mwanawe daktari wa fasihi akamhesabia giza lile kuwa ni uvivu.

Siku ya pili nalikwenda Ilala. Kuna maduka ya taa mpya, najua. Lakini nyingi nilizoziona zilikuwa nyepesi, za kuanguka kwa mkono wa mtu mzee. Katikati ya mablanketi, pasi na vikombe nikaona taa nzito iliyotoka Uingereza, shina lake limepakwa ukijani kama ndoo iliyotoka kisimani. "Mzee," alisema kijana aliyekuwa akiuza, nami sina hata mvi kumi, "hiyo ni shaba tupu, haina mwenzake." Nalimwomba sumaku ya spika iliyokufa hapo mezani kwake, nikaisogeza, haikunata. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba kingeinasa. Basi nikamwuliza bei ya taa pamoja na chengeu yake. Alinitazama kana kwamba nimetaja jina la ugonjwa. "Unasema kofia yake?" aliuliza. Neno langu lilikuwa katika kamusi, na lake lilikuwa sokoni. Nikayachukua yote mawili.

Kazi ya kwanza naliifanya mwenyewe. Nalikata ndimu, nikaichovya katika majivu, nikasugua kama bibi zetu wa pwani walivyosugua masinia na mabuli. Uchachu wa ndimu hula kutu ya shaba, na majivu huikwangua; lakini sharti chombo kioshwe upesi na kukaushwa, maana uchachu ukiachwa hugeuka ukaila shaba yenyewe. Baada ya ndimu saba rangi ya dhahabu ilijitokeza, nami nikajiona fundi.

Majivuno hayo yaliishia Gerezani, kwa fundi wa umeme. Alifungua kitako cha taa, akatoa waya mkongwe wa nyuzi mbili uliovikwa pamba, na mpira wa ndani ukapukutika vidoleni mwake kama maganda ya karanga. "Mwalimu," aliniambia, "taa hii ungeiwasha leo, kesho tungekutana msibani." Alinifahamisha kwamba taa ya mwili wa shaba haitoshelezwi na nyuzi mbili, mmoja wa kuleta umeme na mmoja wa kuurudisha. Hapana budi uwepo wa tatu, uliofungwa katika mwili wa taa na kwenda ardhini, ili umeme ukitoroka siku moja na kuugusa mwili huo, upite huko na kukata fyuzi, usipite katika mkono wa mtu. Uzi huo haufanyi kazi yoyote siku za salama. Umewekwa kwa ajili ya siku moja ambayo pengine haitafika.

Alitia waya mpya wa nyuzi tatu, holda mpya, na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3. Kisha akaniuliza, "Na nyumba yenyewe ina waya wa ardhini?" Sikujua. Nalizaliwa katika nyumba ile, nikajifunza kutambaa ukumbini mwake, na sikujua. Fundi alifuatana nami. Nyuma ya ua aliikuta fimbo ya shaba imezama ardhini, na waya wake umekatika, umelala mchangani. Mama yangu alikuwa ameishi, sijui kwa miaka mingapi, katika nyumba isiyo na uzi wa tatu. Fundi aliuunga kwa dakika chache, nami nikamlipa nikiwa na haya, maana mtu aliyeuona moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 hana udhuru wa kutojua nyaya za nyumba ya mamaye.

Ikabaki chengeu. Kitambaa chake kilikuwa kimeoza, na fremu yake ya chuma imeshika kutu. Nalimwomba mama kanga kuukuu. Alikwenda sandukuni akarudi na ile ya mwaka 1975, nyeupe iliyofifia, yenye pindo jembamba, na jina lake likisomeka bado: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nalikataa kuikata. "Ichukue," alisema. "Kanga haivaliwi sandukuni." Tena, ijapokuwa yeye hakulitaja hilo, alikuwa amechagua vema: kitambaa cheupe na chepesi hupitisha nuru, na chenye rangi nzito huimeza.

Sikuanza na kanga ile, nashukuru. Nalijaribu kwanza kwa kipande cha marekani na gundi ya unga. Nalikata mstatili sawasawa, kwa rula, nikauzungusha katika fremu. Juu ukajikunja makunyanzi, chini ukapungua. Nalikata wa pili, mkubwa zaidi, ukaharibika zaidi. Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja mshonaji, aliyeweka cherehani barazani, mitaa michache kutoka sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaivisha hii?"

Nalisema ni mimi. Hakucheka. Alitandaza karatasi sakafuni, akailaza fremu ubavu, akaibiringisha polepole huku akifuata ukingo wa juu na wa chini kwa chaki. Fremu ilipomaliza mzunguko wake, karatasini palikuwa na umbo lililopinda kama upinde. "Kitu kilichopana chini na chembamba juu hakivikwi nguo ya mraba," alisema. "Usikipimie wewe, mwalimu. Kibiringishe, kitakuandikia chenyewe."

Nalikwangua kutu kwa msasa, nikapaka fremu rangi, naye akaizungushia utepe wa pamba ili kutu isije ikapenya katika kanga. Kisha alikata kanga kwa kufuata karatasi, akaliacha jina lizunguke ukingo wa chini, akashona kwa mkono. Nilipokuwa nikiibeba kazi yake nalipita mbele ya soko kuu, lile lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa michoro ya Beda Amuli, mwenye kuliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege. Nalicheka peke yangu: Kariakoo yote ilikuwa na chengeu yake, nami nalikuwa nikipita chini yake tangu utoto.

Jioni ile naliiweka taa juu ya meza ndogo kando ya kiti cha mama, nikatia globu ya LED ya wati 8. Globu hiyo hutoa nuru iliyo karibu na ile ya globu ya zamani ya wati 60, bila joto la kuunguza kitambaa. Naliiwasha kwanza bila chengeu. Mama alifunika macho kwa kiganja. "Hii inanitazama mimi," alisema. Nikaivisha. Mwangaza ukaacha uso wake, ukashuka mapajani, penye kitabu; na maneno ya kanga yakang'aa pembeni. Aliyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akaigusa shaba iliyotoka ng'ambo. "Haya, mgeni karibu," alisema.

Alisoma kwanza karatasi ya dawa, akagundua kwamba kidonge kimoja alikuwa akikimeza asubuhi na hali kiliandikwa cha usiku. Tulinyamaza wote wawili. Hilo silisahau, maana nalidhani giza limemnyima magazeti tu.

Kisha aliinuka mwenyewe, akakitoa kitabu changu juu ya mtungi, akakifuta kwa upindo wa kanga aliyojifunga. Alisoma kurasa tatu. Nalingoja kama mtahiniwa. Mwisho alikifunga, kidole kikiwa ndani, akasema kwa upole, "Sasa nuru ipo, mwanangu. Giza lililobaki ni la maneno yako."

Msomaji, sikuwa na la kujibu, na hata leo sina. Alikuwa amesema neno moja juu ya globu na juu ya mwandishi. Nalikuwa nimefundisha kwa miaka mingi kama globu isiyo na chengeu, nikiwamulika wanafunzi usoni, nikihesabu kufumba kwao macho kuwa ni ujinga.

Taa ile ingali inawaka. Kitambaa chake kitaoza, na mwingine atakibadili. Shaba itashika ukijani, na ndimu zipo. Lakini katika chumba changu cha kazi desturi moja imebadilika. Mwanafunzi akija bila kusoma alichoagizwa, simkemei mara moja. Humwuliza kwanza anakaa wapi, wanalala wangapi, na taa yake iko wapi. Wapo wanaokiri kwamba ni wavivu. Wengine hunyamaza kidogo, kisha hunieleza juu ya chumba chenye watu sita na globu moja darini. Na hapo hukumbuka kile kiti cha Kariakoo, na karatasi ya dawa, na miaka mitano niliyopita kando yake bila kuketi.