Nembo na Doa

Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utalikuta neno nembo likiwa na maana ambayo vijana wetu wengi hawaitambui tena. Halikuwa jina la alama ya kampuni, wala ya klabu ya mpira, wala ile ya Taifa tunayoiona juu ya barua za serikali. Nembo zilikuwa chale, mistari iliyotiwa usoni na mwilini ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Maana imehama kutoka kwenye ngozi ikaenda kwenye karatasi, na aghalabu neno likihama namna hiyo halirudi lilikotoka. Huku kwetu Newala, hata hivyo, maana ya kwanza ingali hai juu ya nyuso za bibi wachache, wazee sana, ambao kila mwaka wanapungua.

Nimeanza na neno kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Sikuyasomea chuoni. Ushairi na tafsiri nilijifunza mwenyewe, kamusi kwa kamusi, na tabia ya kuuliza neno limetoka wapi haijaniacha. Lakini linalonishughulisha safari hii ni picha. Programu za kuhariri picha zimeanza kutiwa uwezo ule unaoitwa akili mnemba, ambao wengine huuita akili unde na wenzetu wa Kenya akili bandia. Ukiiamrisha, programu hufuta, huziba, hung'arisha, na pengine huchora kitu ambacho kamera haikukiona. Wako wanaosema uwezo huo ukaribishwe bila masharti, na wako wanaosema usitiwe mguu ndani kabisa. Mimi naliuliza swali hilo kutoka uwanda wa Makonde, kwa sababu huku limekwisha kuingia nyumbani mwetu.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba huku ni mbali na kwake. Masasi, mji ulio chini ya uwanda wetu katikati ya majabali yake, uliunganishwa na Unguja mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi huko wakaanzisha makazi. Steere huyo ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, naye alikuwa mfasiri. Kutoka Masasi barabara hupanda hadi Newala, mji ulio ukingoni mwa uwanda, ambako jicho huteremka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake.

Njia hizo alizipita pia Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, mwaka 1906, akiwa na kamera na mashine ya kunasia sauti. Alizipiga picha nyuso za watu wetu, wakiwamo wanawake wenye nembo mashavuni na ndonya katika mdomo wa juu. Alikuja kama mtu wa dola iliyotutawala, na hakuna ajuaye kama kila aliyesimama mbele ya kamera ile aliridhia. Pamoja na hayo, picha zake ni miongoni mwa za mwanzo tulizo nazo za nyuso hizo, na mistari ingali inasomeka. Mtu anayejua aweza hata leo kuzitazama akasema hii ni ya watu fulani.

Nembo zilichanjwa kwa kisu kidogo, kisha zikasuguliwa mkaa zipate rangi. Msichana aliumia, akapona, akatoka akiwa mtu wa watu wake. Baada ya Uhuru mwaka 1961 desturi hiyo ilififia, na sisi tuliozaliwa nyuma ya hapo tuna nyuso laini. Sisikitiki kwamba wanangu hawakuchanjwa. Ninachokitaka ni kwamba waliochanjwa wasifutwe.

Bibi mzaa mama alikuwa na nembo, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya. Alipofariki tulikuwa na picha yake moja tu, ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyohifadhiwa ndani ya kopo la chai. Kuvu ilikuwa imeila pembe moja, na mkunjo ulipita juu ya paji la uso. Wajukuu wakachanga fedha za korosho, picha ikapelekwa kwa fundi kijana mwenye kompyuta ili isafishwe na kukuzwa kabla ya arubaini. Ilirudi kubwa na nzuri kwa kutazama. Kuvu imeondoka, mkunjo umeondoka, na nembo zimeondoka. Tundu la ndonya limezibwa, na mdomo umenyooshwa kama wa mwanamke wa tangazo la sabuni.

Mpwa wangu alifurahi. "Mjomba," akaniambia, "tazama bibi alivyopendeza." Mama mkubwa, ambaye naye ana nembo, aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Hapo pakazuka maneno, na haki ilikuwa pande zote mbili. Binamu yangu alikumbusha kwamba bibi, alipopelekwa mjini kwa matibabu katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiufunika mdomo kwa kanga kwa sababu watoto walimkodolea macho. Pengine, akasema, bibi mwenyewe angeipenda sura hii. Hoja hiyo ni nzito, na si mimi niliyeijibu. Aliyejibu ni mama mkubwa: "Alijifunika mwenyewe, kwa mkono wake. Na akifika nyumbani alijifunua." Kwa desturi yetu ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno lake ndilo lililosimama. Fundi akaombwa airudie kazi, aondoe kuvu na mkunjo, asiguse kingine.

Fundi hakufanya lile kwa ubaya. Alibonyeza kitufe, na kitufe kikafanya kilichofunzwa. Nilimwomba anionyeshe, nikaketi kando yake. Nikaona kwamba juu ya picha ile palikuwa na alama za aina tatu. Ya kwanza ni ya karatasi, yaani kuvu na mkunjo. Ya pili ni ya maradhi, kwani bibi alikuwa na makovu machache ya ndui. Ya tatu ni ya watu, nazo ni nembo. Mjukuu yeyote wa Newala atazitenganisha alama hizo kwa kutazama mara moja. Kwa mashine zote zilikuwa doa.

Jina la zana hizo nalo lina la kutuambia. Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilitiwa mwaka 2002 brashi ya kufutia madoa, na waundaji wake wakaiita kwa Kiingereza brashi ya kuponya. Mwaka 2010 ukaja ufundi wa kuziba mahali palipofutwa kwa kufuata vilivyo jirani. Mwaka 2023 mtu akaweza kuandika kwa maneno anachokitaka na programu ikakichora. Katika safari yote hiyo lugha ni ya tabibu na mgonjwa. Lakini nembo ni jeraha lililokwisha kupona, tena kwa makusudi. Kuliponya mara ya pili ni kulikana.

Si kweli kwamba kurekebisha picha kumeanza na mashine hizi. Wasomaji wa Unguja wanaijua Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Enzi zile za filamu, mafundi wa studio walilainisha mashavu kwa penseli na kutia rangi picha nyeusi na nyeupe kwa brashi. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifundisha upigaji picha kama nilivyojifundisha mimi ushairi, alikata picha na kuziunganisha akiweka sura za watu ndani ya maumbo mengine, na watu wakazipenda. Hakuna aliyewaita waongo. Aliyekwenda studio alijua anakwenda kupambwa, fundi alimwuliza apambwe vipi, na aliyeitazama picha aliuona mkono wa fundi mle ndani.

Wala sisi Wamakonde hatuna sababu ya kuogopa kitu kilichoundwa. Kisa chetu cha asili, ambacho Weule naye alikiandika, chasema palikuwa na mtu mmoja mpweke porini, akachonga mti kwa mfano wa mwanamke, na kulipokucha sanamu ile ikawa hai, ikawa mkewe na mama wa watu wetu. Wachongaji wetu wa vinyago vya mapiko hutia chale juu ya uso wa mti wakijua kila mstari una maana gani. Sanamu hupewa nembo ndipo iwe mtu. Mashine inamvua mtu nembo ndipo iridhike naye.

Na hufanya hivyo kwa sababu ya chakula ilicholishwa. Mashine hizi hutazama picha nyingi mno, zikajifunza uso aghalabu huwaje. Zikikuta pengo, hulijaza kwa kilicho cha kawaida katika zile zilizokwisha kuonyeshwa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni matatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Mwaka 2020 picha ya Barack Obama, iliyofifishwa hadi ikabaki miraba mitupu, iliingizwa katika programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani. Ikatoa sura safi ya mzungu. Iwapo uso wa rais wa Marekani ulipotea hivyo, seuze uso wa bibi wa Newala ambaye picha za wenzake hazijai kopo la chai?

Mfasiri anaijua hatari hii kwa jina lake. Nakala za kale za tenzi, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, hufika mkononi zikiwa zimeliwa na wadudu. Neno moja halipo. Kwa vina na mizani mtu aliyezoea aweza kubashiri neno linalokaa pale, na pengine atapatia. Kubashiri si kosa. Mashairi ya Muyaka bin Haji yasingetufikia katika kitabu cha mwaka 1940 lau W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wasingeyakusanya na kuyafafanua, na kila mkusanyaji hulazimika kuamua. Lakini mhariri mwaminifu akitia neno lake hulizungushia mabano, ili msomaji ajue pale ni mhariri anayesema. Asiyetia mabano humfanya msomaji amsome yeye huku akidhani anamsoma mshairi. Kazi yake ikiwa nzuri zaidi, hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna atakayeshuku.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba zana hizi zikaribishwe, na zitiwe mabano. Sina ubavu wa kumwambia fundi wa Masasi aziache. Zinampa riziki, na kazi iliyohitaji siku kadhaa za mkono sasa ni ya dakika chache. Picha ngapi za wazee wetu zingeishia kuoza! Lakini programu ni lazima itenganishe kusafisha na kubuni, viwe vitufe viwili, na kile cha kubuni kisiwashwe mpaka mwenye kazi atake. Ngozi isilainishwe bila kuulizwa. Na picha ya asili ibaki, isifunikwe na mpya, ili mjukuu atakayekuja aweze kurudi nyuma akaisoma mwenyewe. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sikujua kwamba siku moja neno hilo lingefaa kwa faili la kompyuta.

Baadhi ya hayo yamekwisha kuanza. Mwaka 2021 makampuni na mashirika kadhaa, yakiwamo Adobe, Microsoft na BBC, yaliunda umoja uitwao C2PA ili kuweka utaratibu wa picha kubeba ndani yake kumbukumbu ya iliyotendewa. Ni hatua njema, ila kwetu haitoshi. Picha nyingi huku husafiri kwa simu, na zikitumwa na kutumwa tena kumbukumbu hiyo hudondoka njiani. Nyingine huchapwa zikatundikwa ukutani, na karatasi haina pa kuibeba.

Hata hivyo karatasi ina mgongo. Picha za zamani ziliandikwa nyuma kwa kalamu, jina la aliyepigwa, mahali na mwaka. Desturi hiyo ni rahisi kuifufua kuliko kuwangoja wenye makampuni. Fundi anayekabidhi picha aandike mstari mmoja: kuvu imeondolewa, mkunjo umeondolewa, uso haukuguswa. Au aandike: uso umeguswa, kwa ombi la mwenyewe. Na mwenye bibi mzee mwenye nembo ampige picha sasa, akiwa hai, kwa idhini yake, mchana penye mwanga mzuri, amwulize kila mstari unaitwaje, kisha ayaandike majina hayo nyuma ya picha. Mashine haitayajua mpaka tuiambie, na wa kutuambia sisi wamebaki wachache.