Andika jina la dawa

Mama mmoja jirani yetu Area 49 alipewa Bactrim. Wiki ya pili homa ikapanda, macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda, halafu ngozi ikaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Watu wakasema, "Bamemuloga."

Hakuna aliyemloga. Mwili wake uliikataa dawa. Na mwili ukikataa namna hiyo hauishii kwenye ngozi: ini na figo nazo huumia, na wapo wanaokufa. Yeye, Mungu saidia, alipona. Ila kwenye kijitabu chake cha hospitali hakuna aliyeandika kitu.

Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi wa mijini warudi Dzaleka. Kliniki mpya, nesi mpya. Mama akiwa na mimba akaletewa SP ya kuzuia malaria, kama wajawazito wengine hapa Malawi. SP ndiyo ile Fansidar, nayo ina salfa kama Bactrim. Majina mawili, ukoo mmoja. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyesema, "Nesi, Bactrim ilimchuna mama ngozi." Vidonge vikarudi kwenye kopo.

Sisi tunahama sana. Mtoto hawezi kuwa kumbukumbu ya nyumba nzima. Vijana wenzangu, wasaidieni wazazi: jina la dawa iliyowadhuru liandikwe juu ya jalada, kwa herufi kubwa. Na dalili zile zikitokea, usimeze kidonge kingine. Beba pakiti, nenda hospitali siku hiyohiyo.